Ndevu Zilizochafua Jiwe

Ndevu zake zilimfika kifuani, na wenzake kitaluni walimwita Ndevu tangu zilipokuwa nyeusi. Alikuza miche chini ya misonobari mizee inayomwaga chavua, ule unga wa njano wa miti, ukitua popote. Mchana alimpelekea mkewe chakula maabara, akaingia mpaka mezani, akamwinamia begani kuchungulia mawe.

Mawe yenyewe yalitoka pangoni, mbali kaskazini, karibu na ncha ya dunia, ambako leo ardhi imeganda. Na palipoganda maji hayadondoki. Kwa hiyo jiwe lililojengwa na maji ya pangoni, tone kwa tone, lilisema wazi kwamba hapo kale palikuwa na joto. Miti gani iliota juu? Hilo lingejibiwa na chavua iliyonaswa ndani, na mkewe alikuwa ameitafuta mpaka macho yakaanza kumchoka.

Siku moja akaiona, katika chupa ya jiwe lililoyeyushwa. Misonobari! Akacheka, akalia. Kisha akapima chupa ya pili, ile inayopitishwa njia zilezile bila jiwe ndani, ili ifichue uchafu wa nje. Nayo ilikuwa na chavua ya misonobari.

Alirudi nyumbani amenyong'onyea.

"Kuna mtu ameniletea uchafu," alisema.

"Nani huyo? Mwambie asikanyage tena!"

Mkewe alipitisha kidole kwenye ndevu za mumewe, akamwonyesha. Ncha ya kidole ilikuwa ya njano.

"Maskini mimi! Mama, kumbe msitu wako wa kale ni mimi?"

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Jiwe lilikuwa limebaki kipande kama kidole gumba. Nacho kikichafuka, kazi yote imekwenda na maji.

Asubuhi Ndevu alikwenda kwa kinyozi.

"Zote, mzee? Umefiwa?"

"Sijafiwa. Kuna jiwe."

Kitaluni walimwandama. "Jamani, nani kamenya hili yai?" Aliwaacha waseme. Kila mchana alioga, akavaa shati lililofuliwa, na hata hivyo chakula alikiacha kwa mlinzi, akaketi kwenye benchi nje ya geti. Hakuomba kuingia. Alihesabu magari tu, akikuna kidevu kisicho na kitu.

Ndipo mchana mmoja mkewe akatoka mwenyewe, koti la kazi bado mwilini, akaketi kando yake.

"Ile chupa isiyo na jiwe?" Ndevu aliuliza.

"Tupu kweli."

"Na ya jiwe?"

"Misonobari, baba. Michache, imekunjamana kwa uzee. Ni ya kulekule pangoni."

Mkewe akamshika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza mawe yake.

"Una kovu hapa. Nilishalisahau."

"La utotoni. Lilikuwepo siku zote. Sasa nizifuge ndevu tena?"

"Subiri kwanza," alisema mkewe. "Niache nikitazame hiki kidevu."