Fremu ya Bomba la Viti

Shemeji hakuwa mtu wa kuingia karakana kimya. Kicheko chake kilitangulia, mwenyewe akafuata, na siku ile alifuata akiwa nyuma ya usukani wa lile gari lake la porini, la zamani kuliko yeye mwenyewe, limeoshwa mpaka matairi.

"Wewe mwizi wa vyuma!" akaita kabla hajazima injini. "Upo, au wameshakuja kukuchukua?"

"Nipo. Namsubiri mwizi mwenzangu," Koleo akajibu, akijifuta mikono kwa kitambaa.

Ndio utani wao, mtu na shemejiye. Koleo ni jina alilopachikwa kazini, kwa sababu akishika jambo haachii hata umpige na nyundo. Dada yake ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki, akamsomesha ufundi wa kuchomelea kwa mshahara wake wa uuguzi, na ndiye aliyeolewa na huyu bwana wa meno meupe na mdomo wa asali. Kwa hiyo ukimwona Koleo anacheka na shemeji yake, ujue anacheka kwa ajili ya dada. Moyoni hakumpenda. Hakumpenda hata chembe.

Na sababu alikuwa nayo. Nyumba waliyokaa wale wawili iliachwa na wazazi kwa jina la dada, na shemeji alitaka iuzwe. Dada alikataa. Tangu alipokataa, kila akipita karakana alikuwa na hadithi mpya: leo mdomo umevimba, ati amejigonga kabatini, siku nyingine anachechemea, ati ngazi. Jamani, kabati gani hilo lenye hasira hivyo? Koleo aliwahi kuuliza mara moja tu, naye dada akamwambia, "Ya ndani yaache ndani." Akameza. Lakini kumeza si kusahau.

Shemeji alilipiga turubai la gari kofi.

"Nataka paa jipya," alisema. "Turubai nitashonesha kwingine, wewe nitengenezee fremu. Hii iliyopo ni mzigo. Nikitaka kuivua nipate upepo, mpaka niite majirani. Nataka kitu nitakachokiinua kwa mkono mmoja."

"Hilo dogo."

"Na hili nalo uling'oe." Alishika lile tao la chuma nene lililosimama nyuma ya viti vya mbele, limevikwa sponji na ngozi nyeusi iliyochakaa.

Koleo akasita. "Hilo si la turubai, shemeji. Hilo ni la vichwa. Gari likilala chali, ndilo linalobaki kati ya kichwa chako na barabara."

"Nimeliendesha gari hili tangu sina hata ndevu. Lini umeniona nimelala chali?"

"Aliyekufa jana naye juzi alikuwa mzima."

"Wewe ni fundi au mhubiri? Ling'oe. Badala yake weka tao kama hilo hilo, ila la bomba jepesi. Lipi jepesi kuliko yote uliyonayo?"

"Lile la kutengenezea viti vya kukunja."

"Basi hilo. Ulivike sponji na ngozi, lipate unene ule ule. Nataka gari libaki na sura yake ya asili, mtu akilitazama asijue kimebadilika nini."

"Haya. Shingo ni yako."

"Shingo ni yangu," shemeji akakubali, kisha akacheka. Akacheka muda mrefu, kupita utani wenyewe ulivyostahili, mpaka Koleo akajikuta anatazama pembeni.

Hakuondoka kwanza. Alisubiri tao la zamani ling'olewe, akataka likatwe vipande mbele yake, ati asije mtu akaliona zima akashawishika kulirudisha. Lilikuwa chuma hasa. Grenda ililia mpaka diski ikaisha, Koleo akabadilisha nyingine, na shemeji amekaa juu ya ndoo anatazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri kunyolewa. Vipande vilipopelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ndipo alipoinuka na kuaga.

Koleo alishangaa, lakini hakushuku. Na hapa mtu asimlaumu haraka. Gari lile lilikuwa mboni ya jicho la shemeji, alilirithi kwa baba yake, na hakuna kiumbe aliyewahi kuruhusiwa kugusa usukani wake. Dada mwenyewe, mwenye leseni, mwenye kuendesha gari la wagonjwa kazini, alikuwa akidandia magari ya watu kwenda zahanati upande wa pili wa mlima, na lile gari limelala nyumbani chini ya kivuli. Nani angewaza mtu mwingine?

Akaanza kazi. Bomba jembamba halipindwi likiwa tupu. Ukilikunja hivi hivi, linabonyea na kuvunjika kiuno. Alilijaza mchanga mkavu, akaligongagonga ujishindilie, akaziba ncha kwa vigingi vya mbao, kisha akalipasha moto na kulipinda taratibu kwenye kigezo alichokichora sakafuni kwa chaki. Matao matatu ya nyuma yakatoka sawasawa. Akayaunga kwa vyuma vya kulala, akaweka bawaba ndogo ili fremu ijikunje, akapiga msasa kila kiungo mpaka kidole kikipita kisihisi kitu. Ilikuwa kazi safi. Mwenyewe aliisifu peke yake, kwa sauti.

Lile tao la nyuma ya viti, alilokwisha kulipinda kwa bomba jepesi, ndilo lililomkosesha raha. Ufundi una dhamiri yake. Chini ya benchi alikuwa na bomba nene la maji, chuma kizito, na alishaamua kimoyomoyo: atalipinda hilo, atalificha ndani ya sponji na ngozi, shemeji hatajua. Atalaumu tu uzito kidogo. Mtu humpendi, sawa, lakini humtengenezei jeneza.

Alikuwa ndiyo kwanza amelivuta lile bomba nene kulibana kwenye meno ya jiliwa, dada akaingia.

Alikuwa na sare ya kazini, na mkono wa kushoto umefungwa bandeji kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Safari hii hakutaja kabati. Hakutaja kitu. Alisimama mbele ya gari akatazama ile fremu mpya, kisha lile tao jembamba lililoegemezwa ukutani likisubiri kuvikwa.

"Koleo. Nijibu jambo moja. Gari likipinduka kule kwenye kona za mlimani, hili litamkinga mtu?"

Koleo aliutazama ule mkono. Alitaka kusema kwamba bado hajamaliza, kwamba kuna bomba nene hapa. Lakini hasira ilifika kabla ya maneno hayo.

"Halimkingi," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni bomba la viti hilo, dada."

"Na umelijua hilo tangu mwanzo?"

"Mimi ndiye fundi. Nisipojua mimi ajue nani?"

"Na bado unaendelea."

Koleo alidhani anapimwa. Alidhani dada amekuja kuchungulia kama ndugu yake ana moyo wa kumtoa utumwani, na anaogopa kulitaja jambo kwa jina lake. Mungu wangu, jinsi alivyojiona mwanaume wakati ule! Akamshika bega na kushusha sauti.

"Naendelea. Kuna mambo ndugu hawana haja ya kuambiana. Wewe nyamaza tu, usimwambie mtu. Siku moja yatakwisha yenyewe."

Dada alilitoa bega lake polepole mkononi mwake.

"Mama angekuona leo," alisema.

"Mama angenielewa."

Dada akaondoka, hata kiti hakukalia. Koleo akalifungua lile bomba nene kutoka kwenye jiliwa na kulirudisha chini ya benchi. Akachukua tao jembamba, akaanza kulivika sponji. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilimfurahisha.

Siku ya kukabidhi kazi, shemeji alikuja na mkewe. Turubai lilikuwa tayari limeshonwa, rangi ya majani makavu, limevutwa juu ya fremu likakaa kama ngozi ya ngoma. Dada alisimama karibu na mlango, na sare yake, na bandeji yake.

"Habari za kazi," alimwambia Koleo, kama mteja yeyote.

"Nzuri, dada. Karibu ndani."

Hakukaribia. Shemeji ndiye aliyelizunguka gari, akalivua paa lote peke yake, akaliinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja.

"Mnaona? Mkono mmoja! Huyu mtoto ana dawa, si ufundi huu." Akalirudisha, akafunga vishikio kimoja kimoja, akaligonga lile tao lenye ngozi nyeusi. Likatoa sauti ya kitu kitupu. "Safi kabisa. Haya, mama, pokea." Akatoa funguo mfukoni na kuziweka kwenye kiganja kizima cha mkewe. "Lako hilo."

"Lake?" Koleo akauliza.

"Ala! Hamkuzungumza? Mimi nilishamwambia kwamba wewe unajua kila kitu, kwamba unalitengeneza kwa mikono yako kwa ajili yake. Amechoka kudandia magari ya watu. Kuanzia leo anapanda mlima kwa gari lake, anashuka kwa gari lake."

Mlima ule ulikuwa na kona juu ya kona, kokoto tupu, na upande mmoja hauna ukingo. Magari yaliyowahi kuteleza pale, watu walikuwa wakishuka kuyatafuta kwa kamba.

Koleo akamsogelea dada yake. "Dada," akasema, "usiliwashe."

"Kwa nini?" Dada hakupandisha sauti. "Si uliniambia mwenyewe? Nilikuja kwako, Koleo. Sikuwa na pengine pa kwenda. Nikakuuliza, ukaniambia unajua na unaendelea. Ukaniambia ninyamaze, yatakwisha yenyewe. Ukaniambia mama angekuelewa."

Kila neno lilikuwa lake, na aliposikia yakitoka kinywani mwa dada, ndipo alipojua yalivyoingia. Yule dada aliyemfulia nguo na kumfundisha kusoma alikuwa ameondoka pale siku ile akijua kwamba mume wake anamtakia kifo na ndugu yake wa damu anamchongea nyenzo. Usiku alilala na hilo. Asubuhi alivaa sare na hilo.

"Kuna mahali sijachomelea vizuri," Koleo akasema haraka haraka. "Niachieni mpaka kesho, nirekebishe."

"Nimeshalikagua, halina kasoro," shemeji akasema. "Na kesho ana zamu."

"Nasema liache!"

"Shemeji, mbona unatoka jasho?"

Njia ya uongo ikawa imeisha. Koleo akapiga kelele, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Nilidhani anayeliendesha ni yeye! Dada, nilidhani ni yeye! Nilikuwa na bomba nene pale, nilitaka kuliweka, nikauona mkono wako, nikaliacha. Nililiacha ili afe yeye!"

Kwa mara ya kwanza tangu Koleo amjue, uso wa shemeji haukuwa na kicheko wala dalili yake. Ukiondoa kicheko, hapakuwa na kitu kingine pale usoni.

"Ulidhani ni mimi," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Ukanitazama, ukanitania, ukaniwekea bomba la viti."

"Na wewe ulijua ni yeye!"

"Mimi?" Shemeji akaiweka sawa kola ya shati lake. "Mimi niliagiza paa la turubai."

Koleo aliichukua grenda, akaiwasha, akapanda ndani ya gari na kuipeleka kwenye lile tao. Ngozi ikaungua, sponji ikatoa moshi mweusi, cheche chache zikaruka, na kabla shemeji hajamaliza kusema "acha", tao likaanguka kitini. Chuma cha zamani kilikula diski nzima. Hiki hakikuchukua hata pumzi moja. Akakata upande wa pili, akakata matao ya nyuma, turubai likamwangukia, akalipasua akatoka, anakohoa, machozi na moshi havitofautiki.

Dada aliokota kipande kimoja kilichodondoka sakafuni. Akachungulia tundu lake, akaupima wembamba wa ukuta wake kwa ukucha. Akakiweka juu ya benchi pamoja na funguo, vikilaliana, akatoka nje kwa miguu kuelekea barabarani, ule mkono wenye bandeji ameukumbatia kifuani.

"Dada!" Koleo akaita. "Dada!"

Aliyegeuka kumtazama ni shemeji peke yake.