Pua Kwanza, Beseni Baadaye

Nyumbani kwetu nguo haifuliwi mpaka inuswe. Sheria hiyo niliileta mwenyewe kutoka darasa la jioni. Mwalimu wetu alituuliza: nguo uliyoivaa nusu siku, haina jasho wala doa, unaifulia nini? Maji yanapotea, sabuni inapotea, na nguo yenyewe unaipunguzia umri. Niliporudi nikapigilia misumari mitatu nyuma ya mlango: wa mume wangu, wangu na wa mtoto. Nguo ikivuliwa inanuswa kwapani. Ikifaulu, msumarini ikapumzike. Ikishindwa, beseni.

Mnusaji mkuu ni binti yetu wa miaka mitano. Tunamwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haujui likizo.

Mambo yalikwenda vizuri hadi jirani aliyekuwa akikaa na Chiriku jioni alipohama. Mtihani wangu ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Mume wangu ni kinyozi, na jioni ndiyo saa ya vichwa. Hatukuwa na mtu mwingine ila mama mkwe, aliyestaafu udobi wa hoteli baada ya miaka thelathini.

“Kukaa na mjukuu wangu sina neno,” alisema kwenye simu. “Lakini kwanza nije nione nyumba inakwendaje. Mtu hakimbilii shule huku nyumba imemshinda.”

Nikasugua sakafu mara mbili. Alifika kwa basi, safari ya siku nzima, jasho linamtiririka. Chiriku alimrukia, akamkumbatia, akazamisha pua kwenye gauni lake.

“Beseni!” akatangaza.

Nilitamani ardhi inimeze.

“Kasemaje huyu mke mwenzangu?” aliuliza mama mkwe.

“Anasema… maji ya kuoga yako tayari, mama.”

Jioni hiyo aliiona misumari.

“Nguo hizi zimefanya nini?”

“Zinapumzika, mama.”

“Zimechoshwa na nini?” Akalishika koti jeupe la kazi la mume wangu. “Mwanangu anavaa koti la jana?”

“La jana, lakini safi. Lilinuswa.”

Mdomo wake ukakunjamana kama shuka lisilopigwa pasi. Nikajua darasa langu liko hatarini.

Asubuhi nilimpeleka Chiriku shule kwa miguu, kama kawaida yetu. Tangu tuache kupanda gari amejifunza kuhesabu hadi mia kwa nguzo za umeme. Nilirudi nikakuta uani kunafuka mvuke. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa, anakoroga kwa mti. Misumari yangu ilikuwa mitupu. Alikuwa amechemsha vyote kwa pamoja: makoti yote mawili, shuka, blauzi yangu ya darasani, na gauni jekundu la Chiriku nililolishona kutokana na pazia kuukuu.

Aliinua koti kwa ncha ya mti. Lilikuwa rangi ya waridi.

Mume wangu akatoka bafuni, taulo kiunoni. Akaliangalia koti. Akamwangalia mama yake.

“Mama, nanyoa watu au naoa?”

Mama mkwe hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono yote miwili magotini.

“Miaka thelathini,” alisema polepole, “nimefua vyeupe tu. Shuka nyeupe, taulo nyeupe, foronya nyeupe. Kuchemsha na kuanika. Hakuna aliyeniletea chekundu hata siku moja.”

Ulimi ulinichonyota. Nilikuwa na maneno matamu sana ya kusema, na haki yote ya kuyasema. Lakini niliona vidole vyake, vilivyochakazwa na sabuni kabla sijazaliwa. Alikuja kutupima sisi, sasa amejipima mwenyewe.

“Kosa langu, mama,” nikasema. “Pazia lile linachuja rangi. Huwa nalifua peke yake, kwa maji baridi. Sikukwambia.”

Mume wangu alilikamua koti moja, akalifunga mabega kwenye usukani wa baiskeli. “Litakaukia njiani,” akasema, akavaa suruali na fulana, akaondoka, koti likipepea mbele yake kama bendera ya nchi yenye furaha.

Mama mkwe alimfuata kwa macho mpaka kona. Kicheko kikaanza tumboni mwake, kikapanda, kikamtoa machozi. Alipojifuta akauliza, “Mna ndimu?”

“Zipo.”

“Kabla ya hoteli nilifundishwa na mama yangu kutoa rangi kwa ndimu na jua. Hakukuwa na kuni za kuchezea.”

Tukalitandaza shuka kwenye majani nyuma ya nyumba, na blauzi na koti la pili kando yake. Tukavinyunyizia maji ya ndimu, tukaliachia jua. Kila vilipokaribia kukauka tukavilowesha tena. Hatukuwasha hata kijiti cha kiberiti. Saa sita uwaridi ulikuwa umefifia. Saa tisa ulibaki pindoni tu, kama haya ya bi harusi.

Mume wangu alipita kula, amevaa koti lake la waridi. “Wateja wawili wameniuliza nimelishonea wapi,” akasema. “Hili lisiguswe!”

Chiriku akarudi kutoka shule. Mama mkwe alimwita, akamsogezea gauni lake mwenyewe, alilokuwa amelivaa tangu asubuhi.

“Haya, daktari. Pima.”

Chiriku alinusa kwapa la kulia, akanusa la kushoto, akafikiri sana. “Bibi amefaulu. Msumarini!”

Saa kumi na moja nilivaa blauzi yangu yenye pindo za waridi, nikachukua daftari. Nilisimama mlangoni, siwezi kuuliza, siwezi kuondoka.

Mama mkwe alikuwa anapekua droo ya jikoni. “Nyundo yenu iko wapi?”

“Nyundo ya nini, mama?”

“Misumari mitatu, watu wanne. Hesabu gani hiyo wanayowafundisha huko?” Akanisukuma begani. “Nenda, mwanangu, utachelewa.”

Nilikuwa sijafika barabarani nikasikia nyundo inagonga, na Chiriku akihesabu kila pigo kwa sauti.