Shangazi Aliyemnunia Mungu

Tangu daktari aseme moyo wa mtoto una tundu, na kwamba tundu lenyewe alizaliwa nalo, fundi cherehani alimnunia Mungu. Alinuna kweli, kama anavyonuniwa ndugu wa nyumba moja: unampisha mlangoni, salamu humpi. Kanisani aliendelea kwenda, maana nguo za kwaya alizishona yeye na hakutaka maneno ya watu. Midomo ilifuata sala, moyoni hamna kitu. Wenzake walipomwambia Mungu ana makusudi yake, aliwauliza ni makusudi gani hayo yanayotaka kifua cha mtoto wa miaka saba.

Mtoto mwenyewe, yatima wa kaka yake, waliyemwita Chiriku kwa kuwa domo lake halikujua likizo, asubuhi ile ya upasuaji alikuwa kimya kitandani hospitalini. Shangazi hakukalika. Alikunja shuka, akalikunjua. Alifungua dirisha, akalifunga, akaenda mlangoni kuchungulia kama wauguzi wanakuja kumchukua, akarudi akitamani wasije kabisa.

"Shangazi, hujaniombea," Chiriku akasema.

Akamjibu kwamba mchungaji alishaomba jana, tena kirefu. Mtoto akasema mchungaji hamjui yeye Chiriku vizuri. Anataka shangazi mwenyewe aombe, na kwa sauti.

Shangazi akamshika mkono. Akaanza na yale ya siku zote, asante kwa neema, asante kwa uzima, yakamkwama. Kumdanganya mtoto anayekwenda kupasuliwa hakuweza.

"Mungu, mimi na wewe hatuongei, unajua mwenyewe," alisema. "Shukrani leo sina. Huyu amekukosea nini? Baba yake ulimchukua, mama yake ukamchukua, nikanyamaza. Kama una hasira, mimi nipo hapa, mtu mzima. Mtoto niachie."

Chiriku alifumbua jicho moja. "Unamgombeza?"

"Ndiyo."

Muuguzi alikuwa ameshafika na kitanda cha magurudumu, amesimama hajui atazame wapi. Mtoto akamvuta shangazi mkono.

"Mwambie tena. Labda hakusikia."

Akamwambia tena, kwa sauti kubwa zaidi, machozi yakimtoka, akitembea kando ya kitanda korido nzima. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji muuguzi akamwomba kwa upole aishie hapo. Kitanda kikaingia, mlango ukafungwa, naye akabaki amesimama mbele yake, bado anagomba.