Funda Moja la Maziwa

Kituo kipya cha mafuta kilipofunguliwa Nyakiriba, karibu na mpaka wa Rwanda na Kongo, watu wa Gisenyi walikwenda kukitazama wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Msicheke, nanyi mngekwenda. Kituo gani cha mafuta kina pampu za kutosha malori yote ya mpakani, duka refu mpaka unachoka kulitembea, kuku wa kukaanga, bembea za watoto, na taa ambazo ukiwa juu Mudende unaziona na kudhani mji mwingine umezaliwa? Maharusi walipiga picha pale, shela na pampu pamoja. Na choo! Choo cha bure, chenye sabuni ya povu na maji ya moto. Watu walikisimulia kwa jirani zao kwa sauti ya chini, kama siri ya familia.

Donatille aliapa kwamba hatakanyaga pale, na alikuwa na haki ya kuapa. Kioski chake cha maziwa kilikuwa Mahoko, kando ya barabara hiyohiyo. Kwa miaka mingi mabasi ya Kigali yalisimama mbele ya mlango wake ili abiria wanywe ikivuguto, yale maziwa ya mgando ya kwao, wale kiazi cha kuchemsha, wanyooshe miguu, ndipo waendelee. Kituo kilipofunguliwa, mabasi yakaanza kumpita. Madereva walipiga honi na kumpungia mkono, kwa adabu kabisa, wakaenda kusimama Nyakiriba. Ungewalaumu vipi? Choo cha Donatille kilikuwa shimo nyuma ya migomba ya jirani.

Basi siku moja tumbo lilimkamata akiwa anarudi kutoka Gisenyi, na kiapo kikavunjika. Aliingia kwenye choo cha kituo na hasira zake, akatoka kimya. Wiki iliyofuata akapita tena, na safari hiyo tumbo halikuwa na neno lolote. Alirudi nyumbani amenuna zaidi, kwa sababu ni kazi ngumu kumchukia adui ambaye nyumba yake inanukia vizuri.

Shida ilikuwa maziwa. Mzee Sebagabo wa Mudende aliendelea kumletea kila asubuhi kwa baiskeli, madumu yakigongana, maana ng'ombe hajui habari za vituo vya mafuta. Mzee hakuwa na mnunuzi mwingine, na Donatille hakuwa na moyo wa kumkataza. Maziwa yakazidi. Naye alilelewa kuamini kwamba kumwaga maziwa ni kujiitia mkosi, kwa hiyo akawa anayagawa kwa majirani, mpaka majirani wakimwona na dumu wanajifanya hawapo.

Aliyepata dawa alikuwa Belise, binti yake, ambaye alikuwa ameajiriwa kwenye duka la kituo kilekile. Alivaa fulana nyekundu na kofia, akasimama kwenye mashine ya malipo.

"Mama, kuja uonane na meneja wangu, Rugwiro," alisema, kwa Kiswahili cha Kongo alichokichukua kwa mama yake. "Anasema iko nafasi kidogo pembeni ya friji. Abiria banauliza maziwa ya kwetu kila siku, tunabapa ya pakiti, banakunja uso."

"Mi niende kuuzia kwa ule mutu aliyeniua?"

"Hakukuua, Mama. Hata hakujui."

Hilo lilimuuma kuliko mengine yote. Lakini asubuhi Sebagabo alipofika na madumu yake, akipumua kwa kuyazuia mteremko mzima, Donatille akavaa kitenge kizuri akaenda.

Rugwiro alikuwa kijana mpole, aliyekulia Karagwe upande wa Tanzania. Kinyarwanda chake kilichechemea, hivyo yeye na Donatille, aliyekulia Masisi huko Kongo, wakakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Jumamosi tutakujaribu, mama," alisema Rugwiro. "Ofisi ya Kigali watakuwa wanaangalia kwenye kamera. Wakiridhika, kona ile ni yako moja kwa moja. Wasiporidhika, mimi sina la kufanya. Naomba unielewe tangu sasa."

"Kamera iko wapi?"

Rugwiro alionyesha darini. Donatille akainua uso na kuisalimia kwa kichwa, maana si adabu kuangaliwa na mtu bila kumsalimia. Kamera haikujibu.

Wakamfundisha. Vaa glavu, funga nywele, kata kucha, chota na upawa huu, funika hivi, usiguse pesa. Alishika yote, na hata nyumbani alijizoeza kuchota akiwa na glavu, Belise akijifanya abiria. Kuhusu mdomo hawakumwambia kitu. Nani angefikiria kumwambia mtu mzima habari za mdomo wake?

Jumamosi mabasi yalifika yamefuatana. Kulikuwa na foleni mbele ya meza ya Donatille, foleni ya kweli, hata walioshika kuku wao wa kukaanga waligeuka kutazama kuna nini. Vijana walichukua vikombe vyao vya karatasi, wakanywa huku wakitazama simu, wakaenda. Rugwiro alipita mara mbili akitabasamu. Belise, kutoka kwenye mashine yake, alimkonyeza mama yake. Donatille alianza kupanga moyoni jinsi atakavyomwambia Sebagabo asubuhi: ongeza dumu moja, mzee.

Ndipo zamu ikamfikia bibi mmoja mwenye mkongojo. Jina lake Nyirasafari, alikuwa anavuka mpaka kwenda Goma kwenye uchumba wa mjukuu wake. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakishika, asinywe. Akamtazama Donatille. Foleni nayo ikasimama.

Donatille alijua bibi anangoja nini. Kwao, anayempa mgeni kinywaji hutangulia kupiga funda moja, mgeni aone kwa macho yake kwamba ndani hakuna kitu kibaya. Kwa vijana siku hizi unaweza kuliruka. Kwa mtu wa umri ule, kumpa kikombe bila kukionja ni kama kumwambia: kunywa, utajua mwenyewe. Na tusidanganyane, pande hizi hofu ya sumu haijaenda popote. Kule Mahoko, Donatille alikuwa ameonja mbele ya wazee miaka yote ya kioski. Mikono yake haikungoja kichwa kifikiri. Alikichukua kikombe, akapiga funda, akafuta ukingo kwa kidole cha glavu, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Kunywa, mukecuru, bibi yangu. Iko muzuri."

"Eeeh!" Nyirasafari alisema, uso umefunguka wote. "Nilizani hapa bako bazungu tupu. Kumbe iko mutu! Mungu akuzidishie, mwana wangu." Akanywa mpaka mwisho, akaomba kingine.

Foleni ikachangamka. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Na mi unionjee, ama mi niko mutoto?" Watu wakacheka. Donatille naye akacheka, akamwonjea na yeye, na mwingine aliyefuata. Abiria waliokuwa hawajuani wakaanza kuulizana wanatoka wapi na wanakwenda kwa nani. Kwa muda mfupi kona ile ya friji ikawa Mahoko kabisa, na Donatille alifurahi mpaka akasahau kwamba dari lina macho.

Simu ya Rugwiro ikalia. Alisogea karibu na rafu za biskuti, lakini Donatille alimsikia.

"Ndiyo. Ndiyo, nimeona... Hapana, si uchafu, ni heshima ya huku, ni mila... Ndiyo, najua ni chakula... Naomba mnisikilize kidogo... Yote?"

Alipokuja mezani hakuweza kumtazama usoni. Aliwaomba abiria radhi, akasema maziwa yamekwisha. Waliona wazi kwamba hayajaisha, lakini basi lilipiga honi wakaenda.

"Bon. Nimekosa nini?" aliuliza Donatille.

"Umeweka mdomo kwenye kikombe cha mteja, mama."

"Hiyo njo heshima! Nipe simu, mi mwenyewe nibaelezee. Iko wapi huyo mutu?"

"Hata mimi simjui. Ni namba tu. Leo anaongea huyu, kesho yule." Rugwiro alivua kofia, akaivaa tena. "Bibi yangu alinionjea mpaka maji ya kunywa. Nimewaambia hilo. Wamesema kona imefungwa."

Donatille alitafuta wa kugombana naye, akakosa. Mahoko ukikosana na mtu unamjua mama yake na kanisa lake, na jioni mtu wa katikati anatumwa, mnakaa, mnaelewana. Hapa angetuma nani, na amtume wapi? Rugwiro alikuwa mtoto wa watu, macho yamemwiva. Kumfokea kungekuwa kumfokea mtu ambaye naye ameumia.

"Donc basi nichukue maziwa yangu niende."

"Hapana, mama. Chakula kikishaingia ndani hakitoki. Wanataka yamwagwe yote, na nipige video niwatumie. Belise..." Alisita. "Belise, wamesema mhudumu wa duka ndiye amwage."

Belise alikuja taratibu akiwa amevaa glavu. Aliinamisha dumu juu ya sinki, akalisimamisha tena. Alikuwa amelelewa na mama huyohuyo asiyemwaga maziwa.

"Siwezi, Mama," alinong'ona. "Na nikikataa bananifukuza."

Donatille alimtazama mtoto wake, akaitazama ile simu ambayo Rugwiro alikuwa ameiinua. Kisha akasogea.

"Toka. Wewe bado haujazaa, usijiitie mukosi. Shika tu hapa chini, baone mikono yako. Kumwaga namwaga mi."

Akamwaga. Yalikuwa maziwa mazito, yalikawia kushuka, na Donatille hakugeuza uso mpaka dumu la mwisho. Maji ya sinki yalitoka yenyewe, yakasafisha, na baada ya muda mfupi hungejua kama pale palipita kitu. Alikaza kitenge chake, akakusanya madumu matupu, akaelekea mlangoni.

Kwenye kituo kile, kila anayetoka dukani lazima aagwe na mtu wa mashine ya malipo, kwa sauti na kwa tabasamu, na kamera inahesabu nani hakuaga. Belise alikuwa amerudi mahali pake. Mama yake alipofika mlangoni, msichana aliinua macho darini, akayashusha.

"Asante kwa kututembelea," alisema, akitabasamu, machozi yakimfika kwenye fulana. "Karibu tena, madamu."

Donatille alisimama. Alielewa, na alitamani asingeelewa.

"Asante, matmazeli," alijibu kwa sauti ya mteja asiyemjua, ili isikike vizuri huko juu, akatoka.