Utamu Chini ya Jani

Mnunuzi alichomeka kidole kwenye gunia la Dorotea, akakitoa kinanata, akakilamba.

"Sukari," alisema. "Huyu mama ameinyunyizia pamba maji ya sukari ili iwe nzito."

Foleni nzima ya wauza pamba pale Buhongwa ikacheka. Ndiyo soko huria hilo. Zamani pamba ilikuwa ya ushirika tu. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao, na mwenye lori anajua kila kitu. Dorotea hakucheka. Alikuwa mwekahazina wa kwaya, na neno mwizi halikuwahi kumkaribia hata kwa utani. Mumewe, Malimi, akaangalia viatu vyake. Ni mama mkwe tu, bibi Wilhelmina, aliyefungua mdomo.

"Mkamwana wangu haibi," alisema.

Dorotea hasira zake zilikuwa karibu. Aliingia shambani kwake, hapo hapo nyuma ya mizani, akarudi na tawi la mpamba, akaligeuza jani mbele ya pua ya mnunuzi. Chini yake vidukari walikuwa wamejazana, midomo imezama kwenye mishipa ya jani, wakinyonya utomvu na kutoa kwa nyuma matone matamu yanayodondokea pamba. Sisimizi waliwazunguka kama wachungaji, wakiyanywa matone hayo. Mmoja alimng'ata kidole, hakujali.

"Lamba na hili, baba. Au hawa nao niliwanunulia sukari?"

Mnunuzi akalamba. Uso ukambadilika.

"Samahani, mama. Kweli huna kosa."

Watu wakapiga makofi. Dorotea alisikia raha, akamtafuta mumewe kwa macho ili naye aone. Lakini mnunuzi hakurudi kwenye mizani. Alitembea kando ya foleni akichomeka kidole gunia baada ya gunia, akilamba na kutikisa kichwa. La Ngosha. La Kija. Ya bibi Wilhelmina, yote mawili.

"Ingekuwa mwizi mmoja, ningemwacha yeye tu," alisema, akimwita dereva. "Kumbe ni mashamba yote. Pamba ya namna hii inakwamisha mashine za nyuzi. Siichukui."

Lori likaondoka tupu. Waliopiga makofi wakaanza kujitwisha magunia bila kumwangalia Dorotea, na hilo lilimuuma kuliko kile kicheko. Akainama amsaidie mama mkwe. Bibi akausukuma mkono wake, taratibu.

"Si ungekubali tu kuitwa mwizi, mwanangu?" alisema. "Mimi ningekutetea mpaka naingia kaburini. Na pamba ya wengine ingekuwa imeshapanda lori."