Moto wa Kwanza wa Merv

Katika klabu yetu ya treni ndogo hapa Ballarat, injini mpya huwashwa moto wa kwanza na aliyeiunda. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Glenys Pender aliivunja mwezi Juni, akiwa peke yake bandani kwake.

Injini ilikuwa ya Merv Tulloch. Aliiunda kwa miaka kumi na moja, skrubu kwa skrubu, na ilikuwa na urefu wa kitanda cha mtoto. Alipolazwa kubadilishwa nyonga alimwomba Glenys amtunzie, kwa sababu banda lake halivuji. Glenys aliitazama wiki tatu. Kisha akajiambia kwamba ingefaa mtu aijaribu, isije ikamwaibisha Merv mbele ya watu. Hiyo haikuwa sababu, naye alijua. Alitaka tu kuiona ikipumua. Baadaye alisugua masizi yote, akazoa majivu, akarudisha turubai.

Jumapili moja ya Agosti, kukiwa na baridi ya kung'ata masikio, Merv aliegemea bega la Glenys, akainama, akawasha vipande vya mkaa vilivyolowekwa mafuta ya taa. Moto uliposhika akaongeza makaa ya mawe kidogo kidogo. Watu wakapiga makofi. Glenys akapiga pia.

"Mzee, hiyo ikilipuka, vifaa vyako narithi mimi!" alisema Harv, mwanachama mwenzetu, kutoka kwenye jiko la soseji.

"Geuza soseji wewe. Zinaungua kuliko makaa yangu."

Merv alikalia kibehewa nyuma ya injini na kumweka Glenys nyuma yake, abiria wa kwanza.

"Ikigoma leo, naifunika moja kwa moja," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sina miaka kumi na moja mingine."

Walipofika kwenye mwinuko wa reli, upande wa pili wa bustani ya klabu, mshale wa presha ya mvuke ulianza kushuka. Merv alifungua mlango wa moto, akatupa makaa mbele kabisa. Moto ukafifia. Akaongeza tena, palepale. Moshi mzito ukatoka dohanini na treni ikaanza kujikokota.

Glenys aliliona kosa. Bandani alifanya vivyo hivyo, na moto ukamzimikia mara mbili kabla hajaelewa. Kwa kutazama tu, bila kuiwasha, mtu asingeweza kujua. Angenyamaza, injini ingesukumwa kwa mikono hadi kituoni, kisha ingefunikwa.

"Merv, usiweke mbele."

"Nini?"

"Mbele hapapati hewa, ekseli ya magurudumu inaiziba kwa chini. Yavute makaa nyuma, karibu na mlango. Mbele yawe machache."

Merv alichukua chuma cha kuchokolea, akayavuta. Muda mfupi baadaye moto ukawa mweupe. Mshale ukasimama, kisha ukaanza kupanda. Treni ikamaliza mwinuko.

"Kweli, inaziba," alisema Merv bila kugeuka. "Ekseli niliiweka mimi, na sikuliona hilo. Wewe umeliona wapi?"

"Bandani. Mwezi Juni."

Merv akaongeza makaa kidogo, safari hii karibu na mlango.

"Ilichukua muda gani kuchemka?"

"Kama nusu saa."

"Vali ya usalama ilifunguka?"

"Ilifunguka vizuri sana."

"Na honi?"

Glenys alivuta skafu hadi puani.

"Nakuuliza, bibie. Honi uliipiga?"

"Mara moja tu."

Kituo kilikuwa mbele yao na watu wameinua simu zao. Mkono wa Merv ulikuwa umeshika kamba ya honi. Akaiachia.

"Ipige wewe. Unajua inavyolia."

Glenys hakuigusa. Treni iliingia kituoni ikiwa na mvuke wa kutosha, bila mlio wowote.

"Vipi, honi imekufa?" Harv alipaza sauti.

"Haijafa," alisema Merv.

Glenys alimpa bega lake aliegemee ashuke. Merv alinyoosha mkono upande wa pili, akaokota mkongojo wake, akashuka polepole peke yake.