Mfungo wa Thuku

Jumatatu Thuku alisukuma bakuli la uji, akasema amefunga. Mama yake, Jedida, aliliondoa bakuli kwa furaha. Kanisa lao hapo Malindi lilikuwa katika juma la kufunga na kuomba, naye kwa miaka alikuwa akimlilia Mungu amguse kijana huyu aliyezoea kusinzia ibadani. Aliingia chumbani akapiga magoti. "Bwana, umemgusa. Mtie nguvu asilegee."

Aliomba hivyo kila asubuhi. Thuku alikonda, midomo ikapasuka. Kila jioni alisema amekwisha kula kwa kina Abdalla, rafiki yake, akalala.

Alhamisi Abdalla mwenyewe alikuja. Alikuwa pamoja na Thuku katika timu ya mieleka ya shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Thuku hajarudi."

"Najua. Yuko uwanjani anakimbia, kavaa sweta mbili." Abdalla alikaa kizingitini. "Mama, usinione sina adabu. Nyinyi mnafuturu saa ngapi?"

"Jioni, baada ya maombi. Si anakula kwenu?"

"Kwetu? Hajala kwetu hata tonge, wallahi. Sisi tukifuturu tunafuturu hasa, nyanya yangu hunenepa Ramadhani." Alicheka kidogo, akaacha. "Leo Thuku kaanguka darasani. Kasema kateleza. Mtu huteleza vipi naye kakaa?"

Ndipo alipomweleza. Madaraja ya uzito katika mieleka ya shule yalikuwa kumi. Sasa yamepunguzwa yakawa sita, kwa kuwa shule nyingi hazikuwa na vijana wa kuyajaza yote. Daraja la Thuku limefutwa. Ama apande akakutane na majitu, ama ashuke hadi kilo hamsini na mbili. Jumamosi wangepimwa Kilifi, na maafisa wa polisi wangekuwapo kuchagua vijana wa timu yao.

"Asema asipochukuliwa hapo, hana pengine."

Jedida alijua kwamba hilo ni kweli. Walimu walikuwa wamekwisha mwambia juu ya alama zake.

Thuku aliporudi alikuta ugali na samaki mezani. Alikaa akautazama ukuta.

"Unamfungia Mungu, au unaifungia mizani?" Jedida aliuliza.

"Mama, kila asubuhi nakusikia ukiomba nitiwe nguvu. Hizo ndizo zinazonisimamisha. Usiniondolee sasa."

Jedida alikifunika chakula. Usiku kucha hakujua amwombe Mungu nini, maana lile aliloliomba alikuwa amepewa.

Jumamosi alifuatana na timu hadi Kilifi, amebeba uji wa sukari na chupa ya maji. Vijana walipimwa katika ghala la korosho, juu ya mizani ya magunia. Thuku alipanda amevaa chupi tu, mbavu zikihesabika. Mwalimu Laban, mkufunzi wao, aliinama kusoma.

"Nusu kilo imezidi," alisema. "Una nusu saa, kijana. Kimbia."

"Mwalimu, mtazame," Jedida alisema.

"Namwona, mama. Si mimi niliyefuta daraja lake. Nikimwandikisha la juu watamvunja shingo. Nikimwondoa, polisi hawamwoni. Niambie wewe nifanye lipi."

Thuku alikuwa amekwisha vaa sweta zake. Alilizunguka ghala mara ya kwanza, mara ya pili, akitema mate njiani ili apungue hata kwa hayo. Mara ya tatu hakutokea. Jedida alimkuta upande wa pili amelala juu ya mchanga wa moto, ngozi yake kavu, bila tone la jasho.

"Omba, mama," alinong'ona. "Imebaki kidogo tu."

Alijaribu kuomba. Neno halikuja. Alifungua chupa, akaipeleka mdomoni mwa mwanawe. Thuku alikaza meno. Maji yakamwagika shingoni.

"Thuku wa Malindi," mtu aliita ndani ya ghala. "Mizani inafungwa."

Kijana alijaribu kuinuka. Jedida alimkandamiza kifua kwa goti, akamfumbua kinywa kwa vidole kama afanyavyo mama kwa mtoto anayekataa dawa, akamimina. Thuku alimeza. Kisha koo likashindwa kujizuia, akameza tena na tena, machozi yakimtoka.

"Umeniua, mama," alisema.

Jedida alimwinua kichwa, akampa uji.